Maji Yaliyopungua Kwenye Mashine ya Baba

Arobaini ya Baba ilipokwisha, Mama alinipa ufunguo wa sanduku la vitambaa la marehemu, akaniambia nilifungue mimi kwa kuwa mikono yake ilikataa. Nilipoinua kifuniko, harufu ikanipiga usoni: mafuta ya cherehani, kaki ambayo haijaonja maji, na vumbi la chaki. Msibani sikulia, na najua watu walisema. Lakini mbele ya harufu ile nilikaa sakafuni nikalia mpaka pua ikaziba. Kisha nikaendelea kutoa vitu, maana visingejitoa vyenyewe. Chini kabisa, chini ya mabaki ya sare za shule, nikakuta kitu chepesi, chenye kona, kimeviringishwa kwenye kipande cha kaki. Nilikitambua kabla ya kukifungua. Lilikuwa lile sanduku dogo la plastiki la kuwekea maji, la mashine ya kupumulia ya Baba, nililoliiba mwenyewe nikiwa na miaka minane. Miaka yote hii niliamini kwamba malaika ndio waliolichukua.

Baba alikuwa fundi cherehani hapa Kasongo. Alishona sare za shule, kanzu za Idi, na suruali za wachimba dhahabu wa Lusangi, ambao walitaka mifuko sita na kila mfuko uwe na kifuniko na kifungo. Mkono wake haukuwa na kasoro. Kasoro ilikuwa usingizi. Watu husema fulani analala usingizi wa pono, lakini pono nasikia hulala akatulia. Baba alilala kama mtu anayepigana. Alikoroma hadi bati la dirisha likatetemeka, kisha ghafla kimya. Kile kimya ndicho kilichotutisha. Mama alikuwa akiamka, anaegemea kiwiko, anangoja, mpaka Baba avute pumzi kwa kishindo kama aliyetolewa mtoni, na kukoroma kuanze upya. Asubuhi aliamka amechoka kuliko alivyolala.

Mchana usingizi ulimdai chake. Alisinzia na mguu juu ya pedeli, na siku moja sindano ikapita kwenye ukucha wa kidole chake. Wateja walimtania, "Fundi, uko nashona ao uko naota?" Naye aliwacheka pamoja na kuwajibu kwamba suruali za ndotoni ndizo nzuri zaidi. Alipopeleka sare Kabambare, dereva wa pikipiki alichoka kumsikia akiegemea huku na huku nyuma yake, akaomba kitenge kwa mwanamke mmoja njiani na kumfunga Baba mgongoni kwake kwa mafundo mawili. Wakaingia Kabambare hivyo, fundi mzima mwenye ndevu amebebwa mgongoni, na watu wakatoka madukani kutazama. Baba mwenyewe ndiye aliyetusimulia, akicheka hadi machozi. Mama hakucheka. Aliondoka akaenda kuosha sufuria ambazo zilikuwa safi tayari.

Ndugu yake, Baba mkubwa Amisi aliyekuwa akiishi Bukavu, ndiye aliyemwita Baba aende huko kwa daktari. Huko walimlaza na nyaya kichwani na kifuani, wakamwambia kwamba akilala koo lake hujifunga, pumzi inasimama mara nyingi kabla ya asubuhi, na moyo unachoka kwa kumgojea. Dawa yake ilikuwa mashine ya kumsukumia hewa. Amisi akatafuta iliyokwisha kutumika na mwingine, na Baba akarudi nayo akiwa ameipakata njia nzima.

Ilikuwa ya kijivu, ukubwa wa redio ndogo. Humo ulitoka mrija mrefu uliokwenda hadi kwenye kifuniko cha pua chenye kamba za kufunga nyuma ya kichwa. Ubavuni mwake kulibanwa lile sanduku la maji, la plastiki ya kuonyesha, ambalo ukibonyeza kitasa linatoa mlio na kuachia. Mama alilijaza maji yaliyochemshwa yakapoa. Baadaye nilijua kwamba mashine huyapasha yale maji moto kidogo ili hewa iende puani na unyevu, isimkaushe mtu koo. Wakati ule sikuelezwa. Sisi watoto hatukuelezwa kitu, tuliambiwa tusiguse.

Umeme tulikuwa nao wa jua: pano moja, lile bamba la kunasa jua, juu ya bati na betri kubwa ya lori chini ya kitanda. Kabla ya mashine, betri ile iliwasha taa moja na kuchaji simu za nusu ya mtaa. Baba alizunguka nyumba kwa nyumba kuwaomba radhi majirani kwamba sasa betri ni ya kupumulia. Walikubali, ingawa mama mmoja alikuja kuchungulia kwanza kama kweli kuna mtu anayepumua kwa betri.

Siku za kwanza zilikuwa za ajabu. Nyumba ilitulia. Ulisikia hewa tu, laini, ikipita. Lakini betri haikufika asubuhi. Alfajiri ikiwa bado mbali mashine ilizimika, na Baba aliamka anapapasa uso wake kwa mikono miwili, akitafuta pa kuvutia hewa. Usingizi uliobaki ukawa ule ule wa zamani, na mchana akasinzia tena kwenye cherehani.

Fundi Sumaili, mtengeneza redio wa mtaa wetu, alikuja karibu kila juma. Alikwangua vichwa vya betri, akabadilisha nyaya nyembamba akaweka nene, akapanda juu ya nyumba kugeuza pano. Kila mara tulipata muda kidogo zaidi, kisha ukapotea.

"Bateri iko muzima," alisema akiifuta mikono. "Ni hii mashini ndiyo inakula mingi. Mimi sasa nimeshindwa, Baba Zaina."

Ndipo Baba mkubwa Amisi akapiga simu, na Baba akaiweka sauti juu tusikie sote.

"Ndugu yangu, huku moto ya umeme iko. Kuja uikale kwangu. Moyo haitakungojea."

"Na watoto?" Baba akauliza.

"Watoto banasoma. Babakie kwanza na mama yabo. Kisha Idi, wewe upande gari."

Mama alikuwa akichambua mchele, na niliona anatupa mchele na kubakiza mawe. Mimi Bukavu sikuijua, lakini siku ile niliichukia. Watu walioenda Bukavu walituma salamu na vitambaa, na watoto wao wakawa wanaonyeshwa picha. Nilijua hesabu yangu: mwezi wa Ramadhani ukiisha, Baba anaondoka.

Mwezi ule ndio niliofunga kwa mara ya kwanza. Kwetu mtoto hufunga nusu siku, anakula adhuhuri, na kesho anafunga nusu nyingine. Baba aliniambia, "Nusu mbili uniletee. Nitazishona, na hakuna mutu ataona mushono."

"Baba Zaina, usimudanganye mutoto," Mama akasema.

Mimi nilimwamini kabisa. Nilimwuliza atatumia uzi wa rangi gani, akasema mweupe, kwa sababu malaika hawapendi mambo ya makelele.

Hakuna mcha Mungu mkali kama mtoto wa miaka minane. Nilitema mate hadi midomo ikapasuka. Nilimkamata Mama akionja mchuzi kwa ncha ya ulimi, nikadai maelezo. Niliwachunguza wakubwa wote wa mtaa wetu nikitafuta anayekula kwa siri, na moyoni nilijisifu kwamba nyumba yetu ni safi.

Baada ya adhuhuri Baba alikuwa akifunga kibanda chake na kuja kulala saa moja kwa mashine, maana daktari alimkataza kulala bila hiyo hata mchana, na saa hizo jua lilikuwa likiijaza betri. Kazi yangu ilikuwa kuwazuia kuku wasiguse nyaya. Kwa hiyo nilikuwa nimekaa mlangoni, na njaa, na macho makali, nilipoona matone. Yalikuwa ndani ya mrija, karibu kabisa na pua, matone manne au matano ya maji yanang'aa. Baba alipoamka na kuvua kile kifuniko, sharubu zake zilikuwa mbichi.

Nilitazama sanduku la maji. Ilionekana kama yamepungua, lakini sikutaka kumsingizia mtu. Mimi ni mtoto wa fundi, kitu hupimwa. Kesho yake, kabla hajalala, nilichukua uzi mwekundu kwenye kibanda nikauzungusha kwenye sanduku sawasawa na usawa wa maji, nikafunga fundo, fundo la kufungia mbuzi, ndilo pekee nililolijua. Alipoamka nikaenda kuangalia. Maji yalikuwa chini ya uzi. Siku ya pili nikausogeza uzi. Yakashuka tena. Siku ya tatu vivyo hivyo.

Baba yangu alikuwa akinywa maji mchana wa Ramadhani. Anakunywa kwa pua, amelala, amefumba macho. Baba aliyeniambia atanishonea nusu zangu.

Sijawahi kuona aibu kama ile, na ilikuwa aibu ya mtu mwingine. Nilikaa nyuma ya nyumba nikamfikiria msikitini, katika safu, kati ya watu waliofunga kweli. Nilimchukia kidogo. Zaidi ya hapo nilimhurumia, maana nilidhani kiu imemshinda na anaona haya kusema. Na niliogopa. Betri inakataa kufika asubuhi, Bukavu inakuja. Sasa nikajua kwa nini. Mungu ameona.

Siku iliyofuata Baba alipokwenda kuswali adhuhuri, nikabonyeza kitasa kama nilivyomwona Mama akifanya siku za kuosha. Sanduku likatoka. Maji nikayamwaga kwenye shina la mpapai. Kisha nikafungua pipa la mpunga, nikazika sanduku humo hadi mkono ukapotea kufikia bega, nikasawazisha juu, nikaketi mlangoni kulinda kuku.

Baba akarudi. Nikamsikia chumbani.

"Mama Zaina, kisanduku ya maji iko wapi?"

"Iko pale pale."

"Haiko."

Wakatafuta chini ya kitanda, nyuma ya mlango, hadi ndani ya beseni la nguo. Kisha Baba akatoka akaja kusimama mbele yangu.

"Zaina, umeona kisanduku ya maji?"

Kusema uongo kungeharibu saumu yangu. Kusema kweli kungeharibu yake. Nikatazama vidole vya miguu yangu, na hadi leo naweza kukueleza kila ukucha ulivyokuwa. Baba akainama. Akatoa kitu kidogo kwenye nywele zangu, akakitazama kwenye ncha ya kidole, akakipuliza. Nilidhani ni unyasi.

"Haizuru," akasema. "Tutafanya bila maji."

Akauchomeka mrija moja kwa moja kwenye mashine, akalala.

Kesho yake niliamka jua limeshapiga ukuta. Walikuwa wamekula daku, wameswali, na Baba amerudi kulala kidogo kabla ya kazi, nami hakuna aliyeniamsha. Kitu fulani hakikuwa cha kawaida, na ilinichukua muda kujua ni nini. Mashine ilikuwa bado inapumua. Mama alikuwa amesimama mlangoni pa chumba, kiganja kwenye mdomo.

Sumaili akaitwa. Akaipima betri kwa kile kipimo chake cha sindano, akakitikisa, akapima tena.

"Nusu iko ndani ingali!" akasema. "Mumefanya nini?"

"Hatukufanya kitu," Mama akasema. "Kisanduku ya maji ilipotea tu."

Wakampigia simu Amisi. Ndipo Amisi akakumbuka: ndiyo, daktari alimwambia, kupasha maji moto ndiko kunakokula betri, hewa peke yake haili sana.

"Na juu ya nini hukutuambia?" Mama akapaaza sauti hadi kuku wakakimbia.

"Hamukuniuliza!"

"Lakini bila maji koo itakauka," Amisi akaendelea. "Hasa mwezi huu. Utaweza?"

"Kukauka koo si kufa," Baba akasema. "Kama bateri inafika asubuhi, mimi nabakia."

Nabakia. Nilikimbia hadi nyuma ya nyumba nikaruka ruka peke yangu karibu na mpapai. Nilijua kilichotokea vizuri kuliko Sumaili na kipimo chake: nilikuwa nimeiokoa saumu ya Baba, na Mungu alikuwa amelipa kwa betri.

Adhuhuri ile Baba aliniita chumbani.

"Zaina, acha kuku. Kuja hapa, ikala karibu ya kichwa yangu. Mimi nikilala, uniangalie muzuri. Kama mashini inanifanyia jambo mubaya, uniamushe."

Nikakaa. Na kesho yake, na siku zote zilizobaki. Nilikaa kwenye kigoda karibu na mto wake, mrija unapita mbele ya magoti yangu, nikitazama kwa macho ya askari wa kizuizi cha barabarani. Mrija ulikuwa mkavu. Sharubu zilikuwa kavu. Alipoamka midomo yake ilikuwa myeupe na ulimi umegandamana, hawezi kusema mara moja. Alikaa ukingoni mwa kitanda, na macho yake yakaenda penyewe kwenye mtungi wa maji pembeni, yakatulia hapo, kisha akayatoa. Akasema, "Haya, mulinzi, tutawadhe," akatoka. Kinywa chake alikisukutua na kutema mbele yangu, pole pole, hadi tone la mwisho.

Ndani yangu kitu kililegea siku baada ya siku. Kufikia kumi la mwisho nilikuwa nimeshamrudisha mahali pake. Siku tatu nilifunga nzima, bila mshono. Baba alinipigia magoti kunipa hongera kama mtu anayesalimia mfalme, na Mama akamwambia aache upuuzi mbele ya majirani.

Siku mbili kabla ya Idi, wanawake wakaja kutoa mpunga wa kutwanga. Nikasimama karibu ya pipa, nikipanga nitakavyokiri. Walichota hadi chini. Mama akaliinamisha pipa na kulipiga matako. Hakikutoka kitu. Ndipo nilipojua kwamba malaika wamelichukua sanduku, na mambo yale hayanihusu tena.

Baba hakwenda Bukavu. Alishona sare zangu zote hadi ya mwaka wa mwisho, na gauni langu la harusi, akiwa macho kabisa, hakuna sindano iliyopotea njia. Betri zilibadilika, mashine ya pili ikaja, na maji hakuweka tena. Alijizoeza ukavu. Alipokufa, alikufa kwa ugonjwa wa tumbo, mchana, mkono wake ndani ya wa Mama, na si ndani ya kile kimya tulichokiogopa.

Na sasa nilikuwa sakafuni na kile kipande cha kaki magotini. Nilipokifungua, punje tatu za mpunga, na maganda yake, zilianguka kwenye sketi yangu. Uzi mwekundu ulikuwa bado umelizunguka sanduku. Lakini fundo halikuwa langu. La kufungia mbuzi lilikuwa limefunguliwa, na mahali pake paliwekwa fundo dogo, bapa, ncha zimekatwa karibu kwa mkasi. Lilikuwa la fundi.

Nikampelekea Mama sebuleni.

"Hii!" akashtuka. "Tuliitafuta hadi nikasema panya wameila! Umeitosha wapi?"

"Nimeitoa sandukuni mwa Baba. Mama, ni mimi niliyeiba. Nilidhani anakunywa."

Nikamweleza yote, uzi, mpapai, pipa. Aliligeuza sanduku mikononi kwa muda mrefu.

"Hata mimi hakuniambia," akasema. "Myaka yote hii."

Siri ya mtungi iulize kata, ndivyo wanavyosema, na kata alikuwa Baba. Kile alichokitoa kwenye nywele zangu siku ile hakikuwa unyasi. Lilikuwa ganda la mpunga, na kabla sijainua macho kutoka kwenye vidole vyangu vya miguu alikuwa ameshajua lilipo sanduku. Na alipolifukua akakuta uzi. Fundi haulizi uzi umefungwa kwa nini. Aliona mtoto wake alikuwa akimpima saumu.

Angeweza kunipiga. Angeweza kunieleza mambo ya mvuke kwa maneno mawili, nami ningesema ndiyo Baba na kubaki na shaka yangu. Yeye aliniita niketi karibu na kichwa chake. Mimi nilidhani nailinda mashine. Nilikuwa shahidi niliyeitwa na mtuhumiwa mwenyewe, na alilala mbele yangu kila siku na koo kavu, mpaka nilipoacha kumshuku. Sikumwomba radhi, kwa kuwa sikujua kwamba anajua, na hilo linaniuma kuliko mauti yake.

"Tutaitupa?" Mama akauliza. "Haina kazi tena."

Nikasema hapana. Nikaziokota punje tatu sketini, nikazirudisha ndani, nikaliviringisha sanduku kwenye kaki yake. Lile fundo sikulifungua.